MCHELE WA KYELA, DAGAA WA KIGOMA... JINA LA CHAKULA NI MALI YA NANI?

Mada ya leo ni ndefu kidogo, kwa hiyo kama umelipia nusu saa tu hapo kafe, ihifadhi kwenye flashi ukaisome taratibu nyumbani.

Naanza kwa kukiri kosa. Nilipomaliza kidato cha nne nilikaa kwa mama mdogo huku Mbagala. Ana genge la nafaka, na kwa vile mwandiko wangu unasomeka, kazi ya kuandika vibao ikawa yangu. Siku moja likaja gunia la mchele kutoka soko la Tandale. Mama mdogo akasema, "Andika Kyela." Nikachana kipande cha boksi, nikachukua maka peni, nikaandika MCHELE WA KYELA SAFI. Bei ikapanda mia tatu kwa kilo palepale! Gunia lenyewe halikuwa na maandishi yoyote. Dalali aliyetuuzia alisema tu, "Huu wa Mbeya huu."

Kesho yake akapita jirani yetu, mzee wa Kinyakyusa, mwenyeji wa Kyela hasa. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, macho yako kwenye kibao. Akachota punje kiganjani, akazisugua, akanusa. Akasema, "Mwanangu, umeandika jina la kwetu, lakini huu mchele hauna hata harufu ya kwetu. Nani kakupa ruhusa?"

Sikuwa na jibu. Nikaanza kutafuta humu humu mtandaoni: kumbe kuna mtu wa kutoa ruhusa? Nimekuwa nikisoma tangu siku hiyo, na haya ndiyo niliyoyapata.

1. KITU CHENYEWE KINAITWAJE?

Kisheria, jina kama hilo linaitwa kiashiria cha kijiografia. Jina kubwa, maana ndogo. Ni jina la mahali ambalo limekuwa jina la bidhaa, kwa sababu bidhaa hiyo ina ubora, sifa au umaarufu unaotokana na mahali penyewe: udongo, maji, hali ya hewa, au ujuzi wa watu wa pale.

Maana hiyo imo kwenye kifungu cha 22 cha mkataba wa TRIPS, mkataba wa Shirika la Biashara Duniani kuhusu haki miliki, ulioanza kazi tarehe 1 Januari 1995.

Usichanganye vitu vitatu hivi:

- Alama ya biashara. Hii ni ya mtu au kampuni moja. Ukianzisha unga wako ukauita jina lako na kulisajili, mwingine haruhusiwi kulitumia. Wewe unaweza kuliuza, kulikodisha, hata kuliacha life.

- Kiashiria cha kijiografia. Hiki si cha mtu mmoja. Ni cha wote wanaozalisha ndani ya eneo hilo na kufuata masharti waliyokubaliana. Hakiuzwi. Ukihama Kyela, jina linabaki Kyela.

- Jina la aina tu. Hili halina mwenyewe. Mfano mchele "supa". Supa ni mbegu, si mahali. Mtu wa Morogoro akiandika supa na wa Shinyanga akiandika supa, wote wanaweza kuwa wakweli.

Balaa ni kwamba jina la kundi la pili lisipotunzwa linateleza na kuingia kundi la tatu. Likishaingia huko, kulirudisha ni kazi kweli kweli.

2. WENZETU WALIANZAJE?

Kila mtu amesikia shampeni. Hilo ni jina la mkoa wa Champagne kule Ufaransa. Wafaransa walitunga mfumo wao wa kulinda majina ya mvinyo kwa maeneo mwaka 1935, na mwaka 1941 wakulima na wafanyabiashara wa Champagne wakapata kamati yao ya kisheria. Kamati hiyo haina mchezo. Mwaka 1993 kampuni ya Yves Saint Laurent ilitoa manukato ikayaita Champagne. Manukato, wadau, wala si kinywaji! Wakapelekwa mahakamani, wakashindwa, jina likabadilishwa.

Sasa rudi kwetu baa. Unajua neno konyagi limetoka wapi? Limetoka Cognac, mji wa Ufaransa wenye brandi ya zabibu. Neno liliingia kwenye Kiswahili likawa na maana ya brandi yoyote ile, halafu likawa jina la kinywaji chetu cha Bongo, ambacho si cha zabibu. Mlevi wa Temeke akiagiza konyagi hafikirii Ufaransa hata kidogo. Hivyo ndivyo jina la mahali linavyoteleza likawa jina la kitu.

Kwenye TRIPS mvinyo na pombe kali vilipewa ulinzi wa juu zaidi, kifungu cha 23. Huruhusiwi kutumia jina hata ukiandika ukweli pembeni, kama vile "mtindo wa Champagne, umetengenezwa sehemu fulani". Mchele, kahawa, asali na dagaa vimo kwenye kifungu cha 22 tu, ambako mlalamikaji lazima aonyeshe kwamba mteja anapotoshwa. Nchi nyingi zinazouza mazao zimelalamika kwa miaka mingi kuhusu ubaguzi huo.

3. AFRIKA IMO, TENA IMEPIGANA

ETHIOPIA. Mwaka 2005 serikali yao iliomba kusajili majina ya kahawa zao Marekani: Sidamo, Harrar na Yirgacheffe. Chama cha wafanyabiashara wa kahawa cha Marekani kikapinga. Starbucks nao walikuwa na ombi lao la mwaka 2004 lenye neno Sidamo ndani yake. Mvutano ukawa mkubwa, shirika la Oxfam likaingia, na Juni 2007 Ethiopia na Starbucks wakasaini makubaliano ya kuyatambua majina hayo. Angalia hapa: Ethiopia walitumia njia ya alama za biashara zinazomilikiwa na serikali. Waliona kukagua kila gunia la mamia ya maelfu ya wakulima wadogo ingekuwa gharama isiyobebeka.

ROOIBOS. Hii ni chai nyekundu ya Afrika Kusini. Mwaka 1994 jina hilo lilisajiliwa Marekani kama alama ya kampuni. Fikiria: wakulima wanapeleka chai yao wanaambiwa jina lina mwenyewe! Ilichukua mpaka 2005 kumaliza. Mwaka 2021 Umoja wa Ulaya ukalisajili rooibos kama jina la eneo, chakula cha kwanza cha Afrika kupata daraja hilo.

PILIPILI YA PENJA. Ni ya Kameruni, inalimwa kwenye udongo wa volkano. Mwaka 2013 ilisajiliwa pamoja na asali nyeupe ya Oku na kahawa ya Ziama-Macenta ya Guinea, chini ya OAPI, taasisi ya haki miliki ambayo wanachama wake wengi ni nchi za Afrika zinazotumia Kifaransa. Mwaka 2022 Penja ikasajiliwa Ulaya pia.

4. NA SISI JE?

ZANZIBAR wametutangulia. Sheria yao ya Mali za Viwandani ya mwaka 2008 ina sehemu nzima ya viashiria vya kijiografia. Zao lililotajwa sana ni karafuu. Nyingi hutoka Pemba lakini dunia inazijua kwa jina la Zanzibar, na kwa miaka mingi za magendo zilivushwa kwenda Kenya zikapoteza jina njiani.

BARA sheria iliyobeba mzigo ni ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986, chini ya BRELA. Tazama mwaka: 1986, miaka tisa kabla ya TRIPS kuanza. Iliandikwa kwa ajili ya mwenye alama mmoja, haikuandikwa kwa ajili ya jina la wilaya yenye maelfu ya wakulima. Kudanganya mahali bidhaa ilikotoka ni kosa, na lilikuwa kosa kwa Sheria ya Alama za Bidhaa ya 1963, na Sheria ya Ushindani ya 2003 nayo inakataza kumpotosha mteja. Lakini kumkamata muongo ni kitu kimoja, na kuwa na daftari linalosema jina hili ni la watu hawa, mpaka wao huu, masharti yao haya, ni kitu kingine.

Uganda walitunga sheria maalumu ya viashiria mwaka 2013. Sisi kama nchi yenye maendeleo duni tumeruhusiwa kuchelewa: muda wa kutekeleza TRIPS umeongezwa hadi tarehe 1 Julai 2034. Wapo wanaofurahia muda huo. Mimi nina wasiwasi nao, na sababu ni kifungu cha 24: nchi nyingine hailazimiki kulinda jina ambalo halilindwi kwao lilikozaliwa. Yaani usipofunga mlango wa nyumba yako, usimlaumu jirani kwa kutokufungia.

Mfano wa jina letu kutembea peke yake nje ni KILIMANJARO. Kule Japani kahawa ya Kilimanjaro inapendwa sana. Lakini kwa kanuni za wafanyabiashara wao, Kilimanjaro ni karibu kila kahawa ya arabika ya Tanzania iliyooshwa, isipokuwa ya Bukoba. Ya Mbinga inaitwa Kilimanjaro, ya Mbozi inaitwa Kilimanjaro! Na ikichanganywa na kahawa nyingine, inatosha asilimia 30 tu iwe ya Tanzania ili jina libaki. Mkulima wa Mbinga anaweza kusema anafaidika na umaarufu wa mlima, na hajakosea. Ila Mbinga yenyewe haitajulikana milele. Na aliyeamua mlima wetu uishie wapi si sisi.

5. KWA NINI KYELA SI RAHISI KAMA TUNAVYODHANI

Mwanzoni nilifikiri ni suala la kusajili tu, kazi ya siku mbili. Nilipoingia ndani nikakuta moto.

Kyela ni wilaya ya mkoa wa Mbeya, tambarare inayogusa Ziwa Nyasa. Mvua ni nyingi, na mito kama Kiwira, Mbaka na Lufilyo inateremka kutoka milima ya Rungwe na kumwaga udongo pale. Hadi hapo hoja ya mahali iko sawa. Mbarali pia ni Mbeya, lakini ni bonde la Usangu, upande mwingine wa milima, wenye kilimo cha umwagiliaji na mpunga mwingi sana. Dalali akisema "wa Mbeya huu", amesema kweli na amekudanganya kwa pumzi moja.

Swali la pili: harufu inatoka kwenye udongo au kwenye mbegu? Wakulima wa Kyela wana mbegu wanayoiita Kilombero na nyingine wanayoiita Zambia. Kilombero ni bonde la Morogoro! Sasa mpunga wa mbegu ya Kilombero uliolimwa Kyela, kibao kiandikweje?

Na hapa ndipo nilipoishiwa nguvu. Vuka Mto Songwe uingie Malawi, wilaya ya Karonga. Kule wanalima mpunga wa Kilombero, unanukia, na unauzwa hadi Uskoti kwa jina hilo hilo, mchele wa Kilombero. Wanaouingiza, kampuni ya JTS, waliweka changamoto ya kilo 90: shule au kanisa la Uskoti likiuza kilo 90, mkulima wa Malawi anapata kiasi cha kumlipia mtoto wake sekondari mwaka mmoja.

Nilipoisoma mara ya kwanza nilipandwa na hasira: wametuibia! Halafu nikatulia. Mbegu zilivuka mpaka na watu, kama zilivyovuka siku zote, na mkulima wa Karonga analiita jina alilolipokea. Hajamdanganya mtu, anaandika wazi ni wa Malawi. Ada ya mtoto wake ni ya kweli. Lakini siku wakulima wa Ifakara wakitaka kupeleka mchele wao Uskoti kwa jina la bonde lao wenyewe, wataambiwa hilo ni jina la mbegu. Nani atakuwa na makosa? Mimi naona hakuna, ila tulilala.

Wahindi na Wapakistani wanaujua ugomvi huu. Mwaka 1997 kampuni ya RiceTec ya Texas ilipata hataza ya mchele wa aina ya basmati Marekani. India ikapinga, na mwaka 2001 sehemu kubwa ya madai ya hataza hiyo ikaondolewa. Lakini basmati inalimwa pande zote mbili za mpaka, kwa hiyo wakabaki wanavutana wenyewe kwa wenyewe: India ikalisajili kwake mwaka 2016, Pakistani 2021.

DAGAA WA KIGOMA nao ni hivyo hivyo. Wale wa Ziwa Tanganyika na wale wa Mwanza ni samaki tofauti kabisa, si suala la kukaushwa tu, ndiyo maana mama muuza wa Tandika anawatambua kwa jicho. Tatizo ni kwamba ziwa lina nchi nne: sisi, Kongo, Burundi na Zambia. Samaki ni yule yule akivuliwa Bujumbura. Ukitaka kulinda "wa Kigoma" inabidi useme ni nini wanachofanya Kigoma ambacho wengine hawafanyi: wanavyoanika, wanavyochambua, wanavyofungasha.

6. KINACHOTAKIWA, KWA UFUPI

Kwa nchi zilizofanikiwa, njia imekuwa karibu ile ile:

1) Wazalishaji wanaungana kuwa na chombo kimoja. Bila hicho hakuna wa kutoa ruhusa.
2) Wanaandika masharti: mbegu zipi, eneo lipi, unakobolewa wapi, unafungwaje.
3) Wanachora mpaka kwenye ramani. Hapa ndipo ndugu wanapogombana, maana kuna atakayebaki nje.
4) Wanaweka mkaguzi, na mkaguzi lazima alipwe.
5) Wanasajili nyumbani kwanza, halafu nje.
6) Wanalinda. Jina likisajiliwa lakini hakuna anayefuatilia, ni karatasi tu.

Kwa mchele mahali pa hatari ni mashineni na ghalani, kwa sababu ndipo magunia yanapokutana na kuchakachuliwa. Ukishachanganya Kyela na mwingine, hakuna wa kuutenganisha. Kwa hiyo kama mchele haufungwi na kuwekewa lebo kule kule Kyela, sheria ya Dar haitasaidia kitu.

Wapo wanaosema mambo haya ni ya matajiri, mkulima mwenye ekari moja atalipaje mkaguzi? Hoja ni nzito. Jina likishikwa na wenye mashine na maghala tu, mkulima anaweza kubaki na bei ile ile huku mlaji wa Mbagala akilipa zaidi. Sheria inatoa jina, haitoi haki ya kugawana. Hiyo mpaka wakulima waipiganie wenyewe ndani ya chama chao.

7. KIBAO KIMEISHIAJE?

Nilimsomea mama mdogo yote haya. Alinisikiliza huku anapepeta, akasema, "Mwanangu, kodi ya fremu inalipwa na Kyela." Baadaye yule mzee alipopita tena akanyamaza tu, hakununua. Mama mdogo naona kilimuuma. Jioni akaniambia, "Kakibandue."

Nikaandika kingine: MCHELE WA MBEYA, UNAPIKIKA VIZURI. Tukashusha mia mbili.

Wiki ile ile genge la jirani likaweka KYELA ORIJINO, gunia limetoka Tandale kwa dalali yule yule, nililiona kwa macho yangu. Wateja wetu kadhaa wakavuka barabara. Wengine hawajarudi hadi leo, na mama mdogo haachi kunikumbusha. Simlaumu, maana mimi ndiye niliyeandika vibao vyote viwili, wa uongo na wa kweli, na wa uongo ndio uliouza.

Ndiyo maana sasa hivi mtu akiniambia sheria hii ni ya kulinda Wafaransa na shampeni yao, namwambia aje Mbagala. Pasipo na daftari, mwenye maka peni ndiye mwenye jina. Mkulima wa Kyela hapati ile mia tatu, na muuzaji anayesema kweli anaonekana mjinga.

Mzee nilimjibu hatimaye. Nilimwambia, "Mzee, hakuna aliyenipa ruhusa, kwa sababu kwenu hakuna aliyepewa kazi ya kuitoa." Akacheka kidogo, akasema, "Basi hilo ni kosa letu sisi."

Wadau, naomba maoni hapo chini. Kwenu mnatoa kitu gani chenye jina? Machungwa ya Muheza, asali ya Tabora, mvinyo wa Dodoma, nanasi za Kiwangwa? Na wewe unayeuza, sema ukweli, hata bila jina lako: kibao chako kimeandikwa nini, na gunia limetoka wapi?

Dakika zangu zimeisha, jamaa wa kaunta ananiangalia. Tuonane wiki ijayo.